Aliyefukuzwa Kazi Asilale: Siku Zinahesabiwa

Mtu akifukuzwa kazi asubuhi, aghalabu hutoka langoni na mambo matatu: hasira, haya, na karatasi ndogo yenye mistari mitatu. Hasira humfanya aseme maneno yasiyomfaa. Haya humfanya akae miezi kadha bila kumwambia mtu ye yote, hata mkewe. Na ile karatasi, ambayo ndiyo yenye thamani kuliko yote, huikunja na kuitupa. Wako watu wa Kenya waliopoteza haki zao kwa njia hiyo, wala si kwa sababu sheria ilikuwa upande wa tajiri.

Zamani ilikuwa upande wake kweli. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilimhesabu mtumishi aliyeacha kazi bila ruhusa kuwa mkosaji wa kuadhibiwa, na kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilimfunga zaidi. Tajiri asipotia saini kwamba amemwachia, ilikuwa shida kubwa mtu huyo kuandikwa kazi mahali pengine. Leo inayotawala mambo hayo ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, nayo ni sheria ya namna nyingine kabisa.

Na tuseme kuna karani wa ghala katika Eneo la Viwanda, Nairobi, aliyetumika miaka 6 kwa mshahara wa shilingi 24,000 kwa mwezi. Mali imepungua ghalani. Tarehe 17 ya mwezi anaitwa ofisini, anaambiwa kwamba yeye ndiye mwizi, basi aende zake. Je, tajiri ana ruhusa ya kumfukuza mtu anayemshuku kwa wizi? Anayo, ikiwa ana sababu ya haki ya kumshuku. Lakini kifungu cha 41 kinamtaka kwanza amweleze karani, kwa lugha anayoifahamu, kosa analodaiwa. Amruhusu kuja na mfanyakazi mwenziwe au mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Kisha amsikilize, na mwenziwe pia, kabla ya kukata shauri. Asipofanya hivyo, kufukuza huko si kwa haki, hata kama sababu yenyewe ilikuwa nzuri. Matajiri wengine hunung'unika kwamba hivyo ni kuwalinda wezi. Sivyo. Mahakama ikiona kwamba mfanyakazi alijiponza mwenyewe, yaweza kumpunguzia fidia. Bali kusikilizwa ni haki ya kila mtu.

Sasa fedha, maana hapo ndipo watu hukosea sana. Hata kama karani alifukuzwa kwa haki, lazima alipwe zile siku 17 alizotumika, yaani shilingi 13,600, pamoja na siku za livu alizostahili ambazo hakuzichukua. Kama hakufukuzwa kwa haki, mahakama yaweza kuongeza mshahara wa muda wa notisi, ambayo kwa mtu wa mshahara wa mwezi haipungui siku 28, na fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Kwa karani wetu hiyo ni shilingi 288,000. Lakini huo ndio mwisho wa ngazi, na si wengi wanaoufikia. Hakimu hutazama miaka ya utumishi, mwenendo wa mtu, na kama anaweza kupata kazi nyingine. Kurudishwa kazini kwaweza kuamriwa pia, ila kwa nadra.

Wengi hudai vilevile malipo ya siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Hayo ni ya mtu aliyepunguzwa kwa sababu kazi imepungua, si ya aliyefukuzwa kwa kosa. Na akiba ya NSSF haitolewi kwa kufukuzwa tu. Hungoja umri wa miaka 60, au 50 kwa aliyekwisha kuacha kazi.

Jambo linaloponza watu kuliko yote ni siku. Malalamiko kwa Afisa wa Kazi yapelekwe katika miezi 3 tangu kufukuzwa. Kesi ya mahakamani iwe imefunguliwa katika miaka 3. Miaka hiyo ni mingi, na wingi wake ndio unaowalaza watu. Karani amekata rufani kwa meneja mkuu, anangoja jibu. Au amepelekwa polisi, naye asema moyoni, "Acha kwanza kesi ya wizi iishe, nikishinda nitadai haki zangu." Kesi ya wizi yachukua miaka 4, anaachiliwa, anafurahi, anakwenda kudai, na mlango umekwisha fungwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliamua waziwazi kwamba muda huanza kuhesabiwa siku ile ya kufukuzwa, wala haungoji kesi ya jinai. Mazungumzo ya kupatana hayausimamishi. Na ukiisha, hakimu hana uwezo wa kuuongeza.

Tena yafaa kuangalia kalamu. Pengine tajiri huweka fedha mezani pamoja na karatasi isemayo kwamba mfanyakazi amepokea vyote na hana dai jingine. Aliyetia saini kwa hiari yake, akijua anachokitia saini, ni vigumu kurudi kudai zaidi. Mwenye shaka aombe nakala akaisomewe kwanza.

Asiye na wakili asikate tamaa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi humruhusu mtu ajitetee mwenyewe, au atetewe na ofisa wa chama chake. Na tangu mwaka 2018, kesi za watu ambao mshahara wao haukupita shilingi 80,000 kwa mwezi zaweza kusikilizwa na mahakimu walioteuliwa.

Mwisho ni cheti cha utumishi. Kila aliyetumika majuma 4 mfululizo au zaidi ana haki ya kukipata, hata kama aliondoka kwa kosa, na tajiri anayekataa kwa makusudi kukitoa avunja sheria. Cheti hutaja jina la tajiri na la mfanyakazi, kazi aliyoifanya na mahali pake, siku aliyoanza na siku aliyoacha. Tajiri halazimishwi kumsifu mtu katika cheti hicho. Wako waliofukuzwa ambao hawakutaka kitu kingine ila karatasi hiyo, wapate kubisha hodi kwa tajiri mwingine.