Breki Zilikatika: Ni Nani Aliyezikata?

Wasomaji wa magazeti yetu wanaijua sentensi hii kwa ghibu: "Inadaiwa kuwa gari hilo lilikatika breki kabla ya kupoteza mwelekeo na kubingirika mara kadhaa." Imeandikwa mara nyingi mno hata macho hupita juu yake kama yapitavyo juu ya matangazo ya rambirambi. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuzitazama sentensi ambazo wengine huzipita. Hata hivyo, hii niliipita miaka mingi, na huenda ningali naipita lau nisingeitamka mwenyewe siku moja kandokando ya barabara ya Kakamega, magoti yakinitetemeka.

Ilikuwa mwaka 2022. Nilikuwa nimetoka Kakamega kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya ualimu, na nilikuwa nimewapakia wawili kati yao ili niwafikishe Kisumu. Yeyote aijuaye barabara hiyo anajua kwamba ukishapita Kiboswa, nchi huinama ghafla. Ziwa huonekana mbele yako kama sahani ya bati, mji umelala ukingoni, na gari hutaka kukimbilia huko chini pasipo kuhimizwa. Nilikuwa nimekanyaga breki muda mrefu, kidogo kidogo, kama wafanyavyo wengi wetu. Nilipofika mahali palipokuwa na lori mbele yangu nikakanyaga tena, na kanyagio likazama hadi sakafuni bila ukinzani wowote, kama mguu unaotumbukia matopeni.

Sitarefusha kisa. Nilivuta gia hadi ya pili, kisha ya kwanza. Injini ikanguruma kama itakayopasuka. Nikaipandisha breki ya mkono polepole, nikalielekeza gari kwenye lundo la mchanga ambalo mjenzi fulani alikuwa amelimwaga kando ya barabara, pengine kinyume cha sheria. Mungu ambariki. Hakuna aliyeumia. Mmoja wa wale wanafunzi alishuka, akakaa kwenye nyasi, asiseme neno kwa muda wa nusu saa. Mimi nilimpigia mke wangu simu nikamwambia: "Mama Akinyi, breki zilikatika."

Fundi wangu alifika kwa pikipiki baada ya saa moja na ushei. Akakanyaga breki mara tatu, nne. Kanyagio likasimama imara. Akanitazama kwa huruma ile ambayo mafundi huwawekea watu waliosoma sana. "Japuonj," akasema, "hii gari haina shida. Breki ilikataa tu kidogo. Ni bahati mbaya."

Ilikataa! Nililichukua neno hilo hadi nyumbani na sikulala.

Walimu wa Kiswahili wanaosoma ukurasa huu wamefundisha mnyambuliko wa vitenzi hata wakachoka. Kata, katwa, katika. Vunja, vunjwa, vunjika. Pasua, pasuliwa, pasuka. Kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda atajwe: kikombe kilivunjwa na mtoto. Kauli ya kutendeka haimruhusu. Huwezi kusema "kikombe kilivunjika na mtoto" ukaeleweka kuwa mtoto ndiye aliyekivunja. Sarufi yenyewe imemfungia mtenda mlango. Kila mtoto wa Kiswahili anaujua ufundi huu kabla ya kuingia darasa la kwanza, ndiyo maana huja jikoni na kusema, "Mama, kikombe kimevunjika." Na kila mama, ambaye hakuhitaji shahada ya isimu, hujibu papo hapo: "Kimevunjika chenyewe?"

Breki zetu, basi, hukatika zenyewe. Zikichoka kukatika hukataa, kama punda au mtoto mkaidi. Gari nalo hupoteza mwelekeo, kana kwamba lilikuwa nao hapo awali. Au husemwa kuwa gari lilimshinda dereva, na hapo gari huwa mtenda na binadamu akawa mtendwa. Tazama jinsi lugha ilivyowatoa watu wote jukwaani, mmoja baada ya mwingine: mwenye gari, fundi, muuza vipuri, mkaguzi, askari wa barabarani aliyelisimamisha gari hilo asubuhi akaliachilia. Wamebaki chuma na mpira na mteremko.

Sasa niseme yale niliyoyapata nilipoamua kuuliza swali la mama wa kikombe. Nililipeleka gari kwa fundi mwingine, mzee mmoja ambaye hapendi maneno mengi. Alifungua kichupa cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akanionyesha. Yalikuwa meusi kama kahawa ya matangani. "Umebadilisha lini?" akauliza. Nilikuwa nalo gari hilo kwa miaka minne. Nilikuwa nikilibadilishia mafuta ya injini kwa uaminifu, nikalinunulia magurudumu mapya na hata zulia. Mafuta ya breki sikujua kwamba hubadilishwa.

Mafuta hayo, ambayo kwa hakika ni kemikali tu iliyopewa jina la mafuta, yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya kufikia nyuzijoto 205 za Selsiasi. Yakishalewa maji, kipimo cha chini kinachokubaliwa ni nyuzi 140. Dereva anayekanyaga breki bila kuachia katika mteremko mrefu huzipasha moto pedi na diski, moto huo hufika kwenye mafuta, na mafuta yenye maji huchemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabonyezeki, kwa hiyo husukuma breki. Mvuke hubonyezeka, kwa hiyo mguu wako huzama bure. Ukisimama saa moja kandokando ya barabara, kila kitu hupoa, mvuke hurudi kuwa maji, na fundi akija akikanyaga hukuta breki nzima. Hapo ndipo bahati mbaya huzaliwa. Hazikukataa wala hazikukatika. Mimi ndiye niliyezichemsha kwa mguu wangu mwenyewe, baada ya kuzinyima huduma miaka minne, nikiwa na watoto wawili wa watu kiti cha nyuma.

Haya yana uzito wa pekee kwetu tunaoishi kando ya ziwa. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na karibu kila njia kuu inayotuletea chakula, petroli na jamaa zetu kutoka Nairobi au Kakamega huteremka kutoka nyanda za juu. Kericho iko karibu mita 2,000. Kutoka Kapsoit kushuka hadi Awasi na tambarare za Kano, au kutoka Londiani kupitia Fort Ternan kwenda Muhoroni, breki hufanya kazi ambayo katika barabara ya Mombasa zisingeifanya kwa wiki nzima. Na bado wapo madereva wanaoiondoa gia kwenye miteremko hiyo ili waokoe mafuta ya shilingi mia. Gari lisilo katika gia halizuiwi na injini. Mzigo wote huangukia breki peke yake.

Malori nayo yana hadithi yake, na hapa uvumi wa vijiweni hukosea sana. Huambiwa kwamba "upepo uliisha". Breki za malori mengi huendeshwa kwa upepo uliobanwa kweli, lakini zimebuniwa hivi kwamba upepo ukivuja kupita kiasi springi huyafunga magurudumu, na lori husimama. Lori linaloteremka lisizuilike aghalabu huwa breki zake zimepata moto hata hazishiki, au hazikuwa zimerekebishwa sawasawa tangu lilipoondoka, au limebebeshwa mzigo kupita kiasi. Yote matatu yana mtenda, na mtenda huyo ana jina na nambari ya simu.

Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda upande wa magharibi lilianguka Fort Ternan, na zaidi ya watu 50 wakafa. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilivamia magari, pikipiki na wachuuzi katika makutano ya Londiani. Waliokufa ni 52. Tarehe 8 Agosti 2025, hapa hapa kwetu, basi la shule lililowabeba waombolezaji lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, Mamboleo, chini ya mteremko ule ule ulionizamisha mguu mimi, na zaidi ya watu 20 wakapotea. Sisemi kwamba breki ndizo zilizoleta misiba hii yote. Kila mmoja una mambo yake. Nasema kwamba katika habari zote tatu nilizosoma, vitenzi vilikuwa vile vile. Lilipoteza, lilishindwa, lilipinduka.

Baada ya Londiani, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alitangaza kwamba wachuuzi wataondolewa kandokando ya barabara kuu. Huenda ni jambo la busara. Mama auzaye viazi mita moja kutoka kwa malori yuko hatarini mchana na usiku. Lakini mtu wa sarufi hawezi kuacha kuona kwamba hatimaye alipatikana binadamu wa kuwa kiini cha sentensi, naye ni yule aliyekuwa amekaa mahali pamoja akiuza mboga.

Tusisahau kwamba tulikwisha kuijaribu njia nyingine. Mwaka 2004 John Michuki aliwalazimisha wenye matatu kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama, na kwa miezi kadhaa nchi nzima ilipanda matatu kwa adabu ambayo wengi hatukuwa tumeiona. Kilichowashtua watu si vidhibiti mwendo peke yake. Ni pia ule msimamo kwamba mwenye gari ndiye atakayewajibika. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani ilianzishwa baadaye kwa sheria ya mwaka 2012, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, tangu zamani haizungumzii breki zilizokatika. Inamzungumzia mtu anayeendesha gari bovu barabarani, au anayeruhusu liendeshwe. Sheria imeandikwa katika kauli ya kutenda. Ni sisi tunaoitafsiri katika kauli ya kutendeka tufikapo kituo cha polisi.

Mtu ataniambia kwamba neno ajali lenyewe limetuponza. Ni kweli lina asili ya Kiarabu, na huko ajal ni muda uliowekwa, hasa ule wa kufa. Jirani yangu akisema "ajali haina kinga" anasema mambo mawili kwa pamoja, la barabarani na la mbinguni. Dholuo nayo hutumia masira, neno litumikalo kwa maafa mengine yampatayo mtu. Sina ugomvi na imani ya mtu yeyote. Siku ile ya mchanga nilimshukuru Mungu kwa sauti. Ila yule mzee mwenye kidole cheusi, ambaye hakosi kanisani, aliniambia kwamba Mungu hakuwahi kukatazwa na mtu kubadilisha mafuta ya breki.

Wala sitaki kuwatwisha mafundi mzigo wote. Kijana wa jua kali hulipwa kwa kila anachobadilisha, na mteja huja amekwisha kuamua kutobadilisha kitu. Pedi bandia huuzwa katika pakiti iliyochapishwa vizuri kuliko ile halisi, na tofauti ya bei ni karo ya muhula. Magari yetu mengi huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, mradi hayajapita miaka minane tangu yaundwe. Huko yana mwenye kuyafuatilia: mwaka 2010 kampuni ya Toyota iliyaita magari ya mseto takriban 437,000 duniani kwa sababu ya hitilafu ya breki, ikaieleza hitilafu yenyewe na kuitengeneza bure. Gari likishavuka bahari na kubadilisha mikono mara tatu hapa kwetu, mwito wa namna hiyo utamfikia nani?

Nimeanza kuwapa wanafunzi wangu zoezi. Kila mmoja huleta habari moja ya ajali kutoka gazetini, huvipigia mstari vitenzi vyote vya kutendeka, kisha huziandika upya sentensi hizo katika kauli ya kutenda. Asiyemjua mtenda huacha nafasi tupu. Karatasi hurudi zikiwa na mapengo kama vinywa vya wazee. Mwanafunzi mmoja mwaka jana aliniletea habari ya ajali iliyomuua shangazi yake. Katika nafasi za kwanza aliandika "dereva", kisha "mwenye gari", na katika ya tatu, baada ya kufuta mara mbili, aliandika "sisi abiria tulioona na tukanyamaza." Sikuweza kumpa alama.

Yule fundi wangu wa kwanza bado ni rafiki yangu, na nilimrudia. Mwaka huu, alipomaliza kunibadilishia mafuta na pedi za mbele, nilimwomba anipe risiti. Akaandika: "Breki imetengenezwa." Nikamuuliza imetengenezwa na nani. Akacheka sana, akaniita mwalimu msumbufu, kisha akaichukua tena ile karatasi na kuandika jina lake na tarehe.