Moyo wa Mgonjwa wa Saratani na Tofauti ya Rangi Nchini Marekani

Baadhi ya dawa zinazoua saratani huumiza pia moyo. Doksorubisini, dawa nyekundu inayopitishwa kwenye mshipa, huharibu chembe za misuli ya moyo ambazo mwili karibu hauwezi kuziotesha upya. Hatari hupanda kadiri dozi zinavyojumlishwa, ndiyo maana madaktari huhesabu kiasi chote alichopewa mgonjwa maishani mwake. Trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa saratani ya matiti yenye protini nyingi ya HER2, hudhoofisha moyo kwa namna nyingine, na mara nyingi nguvu hurudi dawa ikisitishwa.

Madhara hayo hayawapati wagonjwa wote kwa usawa. Wanawake Weusi wa Marekani huugua saratani ya matiti kidogo chini ya wenzao Wazungu, lakini kiwango chao cha vifo ni cha juu kwa takribani asilimia 40. Tafiti kuhusu dawa hizo mbili zimeonyesha pia kwamba mioyo yao hudhoofika mara nyingi zaidi, na kwamba wengi zaidi hukatiza trastuzumabu kabla ya kumaliza.

Umuhimu wa jambo hili huonekana kwenye chumba cha kipimo. Mgonjwa hulalia ubavu wa kushoto, akapakwa jeli kifuani, kisha kifaa cha mawimbi ya sauti kikapitishwa kati ya mbavu. Kinachotafutwa ni sehemu ya damu inayosukumwa nje na chumba cha kushoto cha moyo katika kila pigo. Ikishuka kutoka asilimia 60 hadi 48, mgonjwa anaweza asihisi lolote: anapika, anapanda ngazi, anakwenda kazini. Anayetumia trastuzumabu hutakiwa kupimwa hivi takribani kila miezi 3. Aliyegundulika mapema huanzishiwa dawa za moyo na mara nyingi huendelea na tiba. Aliyekosa kipimo hufika hospitali miguu imevimba na pumzi zinambana. Hapo dawa ya saratani husimamishwa, na uvimbe wa saratani hupata nafasi ya kukua.

Chanzo cha pengo hili kati ya Weusi na Wazungu wengi hukitafuta kwenye damu na nasaba. Zipo tofauti za kijeni zinazochunguzwa, lakini lipo jambo la wazi zaidi: zaidi ya nusu ya watu wazima Weusi nchini humo wana presha, na moyo uliochoshwa na presha huistahimili dawa kali kwa shida. Presha yenyewe ina historia. Katika miaka ya 1930 ramani za shirika la serikali la mikopo ya nyumba zilitia rangi nyekundu mitaa ya Weusi kuwa yenye hatari kwa wakopeshaji, na mingi ya mitaa hiyo ingali maskini, hali inayochangia presha. Bima ya afya nayo kwa wengi hutegemea ajira, na majimbo kama Texas, Mississippi na Alabama hayakupanua bima ya umma ya Medicaid kama sheria ya mwaka 2010 ilivyokusudia.

Majaribio ya dawa pia huwa na Weusi wachache. Aghalabu lawama hutupiwa hofu iliyoachwa na utafiti wa Tuskegee, ambako kati ya 1932 na 1972 wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba hata penisilini ilipopatikana. Hofu hiyo ina haki yake, lakini si haki kuishia hapo: wagonjwa wengi hawaulizwi kabisa kama wangependa kushiriki, na wengine huenguliwa kwa sababu ya presha ileile.

Kwa wanaume, saratani ya tezi dume huwaua Weusi kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya Wazungu, na tiba ya kushusha homoni huongeza mafuta mwilini na hatari ya kisukari, mambo ambayo nayo huuelemea moyo.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 unataka hatari ya moyo ipimwe kabla ya dozi ya kwanza. Presha hudhibitiwa kwa vidonge vya bei nafuu, kwa hiyo sehemu kubwa ya madhara haya inaweza kuzuilika. Ugumu zaidi huja baada ya kupona, kliniki ya saratani inapofunga faili. Aliyepona anahitaji karatasi inayotaja jumla ya dozi alizopata na mahali alipopigwa mionzi, kwa sababu daktari atakayemwona miaka 10 baadaye akihema huenda asijue kamwe kwamba aliwahi kupewa doksorubisini.