Mutoshi: Waya wa shaba si dawa ya kila gari la zamani

Kolwezi – Katika eneo linaloishi kwa shaba, kuna mahali ambapo shaba inaweza kuleta shida: chini ya kapo ya gari la zamani.

Gari za esansi za miaka ya 1960 na 1970 zinatumia delko. Bobini inapandisha volti 12 za betri hadi zaidi ya 20,000, kisha delko inagawia kila bugi kwa zamu. Mpira wa waya ukipasuka kwa joto, siku ya mvua cheche inakimbilia chuma cha injini, na gari linakohoa. Usiku, cheche ndogo za buluu zinamwonyesha fundi mahali pa ugonjwa.

Platini iliyo ndani ya delko nayo inachoka, na vumbi la Mutoshi haliisaidii. Wenye Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, wengi wameweka kifaa cha elektroniki mahali pake. Hapo ndipo pesa inapotea: waya wa shaba tupu unatoa mawimbi yanayoweza kuvuruga kifaa hicho, tena redio inakoroma. Unahitajika waya wenye moyo wa kaboni.

Kufunga waya wa umeme wa nyumba ni hatari zaidi. Mpira wake hauwezi volti hizo, na cheche iliyotoroka karibu na esansi inayovuja inawasha moto.

Injini ikiwa imezimwa, nyaya zibadilishwe moja moja. Zamu ya injini nyingi za silinda 4 ni 1-3-4-2, ya 240Z ni 1-5-3-6-2-4.