Mwenda Pole Naye Hujikwaa: Sayansi ya Kumlinda Mzee Asianguke Nyumbani

Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Methali hiyo humfaa kijana mwenye haraka, lakini kwa mzee haitoshi. Mzee hutembea polepole, hutazama aendako, hushika ukuta, na bado hujikwaa na kuanguka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na kundi linalopoteza watu wengi zaidi ni la wenye umri unaozidi miaka 60. Miongoni mwa ajali zote, ni zile za barabarani tu zinazoua watu wengi kuliko hizi.

Hata hivyo ajali ya mzee kuanguka haitangazwi kama ajali ya basi. Hutokea alfajiri njiani kwenda chooni, au penye kizingiti cha jiko, au kando ya ndoo ya maji. Jamaa husikitika, husema "ndiyo uzee huo," na mambo huishia hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshelezi. Kuanguka kuna sababu zinazoweza kuchunguzwa, na nyingi kati yake zaweza kupunguzwa kwa vifaa vilivyomo nyumbani mwetu.

Jambo hili linatuhusu sote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa ndiyo taasisi ya msingi ya kuwatunza wazee. Kwa maneno mengine, muuguzi wa kwanza wa mzee katika Tanzania ni mtoto wake, mkwewe au mjukuu wake. Na huenda mjukuu huyo ndiye anayesoma makala haya darasani.

Jinsi mwili unavyosimama

Tukiutazama mwili wa binadamu kwa jicho la fizikia, tunaona kitu kirefu kilichosimama juu ya kitako chembamba. Kitovu cha uzito kiko juu, karibu na usawa wa nyonga, na eneo linalokibeba ni lile la nyayo mbili na nafasi iliyo kati yake. Mstari wa wima unaoshuka kutoka kitovu hicho ukitoka nje ya eneo la nyayo, mwili huanza kuanguka. Kwa hakika hakuna mtu anayesimama akatulia kabisa. Kila mmoja wetu huyumba kidogo mbele na nyuma, na misuli humrudisha bila yeye kutambua.

Ili kazi hiyo ifanyike, ubongo hupokea habari kutoka pande tatu. Macho hueleza mahali vitu vilipo na mwelekeo wa ardhi. Sikio la ndani, lenye mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa umajimaji, hueleza kichwa kinavyogeuka. Na vijiwe vidogo vilivyo karibu na mifereji hiyo hueleza upande ulio chini. Tatu, mishipa ya fahamu ya nyayo, vifundo na misuli hueleza jinsi uzito unavyoegemea.

Mwanafunzi aweza kujaribu jambo hili mwenyewe. Asimame kwa mguu mmoja huku macho yakiwa wazi, na mwenzake akae karibu ili amdake. Kisha afumbe macho. Ataona kwamba kifundo cha mguu kinaanza kutapatapa mara moja, na wengi hushindwa kumaliza nusu dakika. Chanzo kimoja tu kati ya vitatu kimezibwa, na tayari mwili umeingia taabuni.

Sasa tufikirie mtu ambaye vyanzo vyote vitatu vimefifia kwa pamoja. Kadiri umri unavyoongezeka, mboni ya jicho hupungua ukubwa na lenzi hupoteza uangavu wake, hata nuru inayofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja ya ile inayofika katika jicho la kijana wa miaka 20. Mtoto wa jicho akiongezeka, hali huwa mbaya zaidi. Chembehai za sikio la ndani hupungua. Mishipa ya fahamu ya miguuni hufa ganzi, hasa kwa mwenye kisukari. Juu ya hayo, misuli ya mapaja hukonda, na nyuzi zake zinazopungua zaidi ni zile za kujikunja kwa haraka.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini upole wa mwendo hautoshi. Kinachomwokoa mtu aliyekwisha kujikwaa ni hatua moja ya haraka ya kuuwahi mwili. Kwa mzee, habari huchelewa kufika, amri huchelewa kutoka, na msuli huchelewa kuitika.

Damu inapobaki miguuni

Sababu nyingine haionekani kwa macho. Mtu anaposimama kutoka kitandani, kiasi cha nusu lita ya damu au zaidi hushuka kuelekea miguuni na tumboni kwa nguvu ya mvutano wa dunia. Kwa kijana, moyo huongeza mapigo na mishipa ya damu hukaza mara moja, na ubongo haukosi damu. Kwa mzee marekebisho hayo huwa ya polepole. Shinikizo la damu la juu likishuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi katika dakika tatu za kwanza baada ya kusimama, waganga huhesabu kwamba kuna hitilafu. Mzee huona kizunguzungu, macho hufunga giza, na kabla hajapata pa kushika, huwa yuko chini.

Mambo matatu huzidisha hatari hiyo. La kwanza ni upungufu wa maji mwilini, kwa maana hisia ya kiu hupungua uzeeni, na wazee wengi hujinyima maji kwa makusudi ili wasiamke usiku. La pili ni dawa, hasa za shinikizo la damu, za kuongeza mkojo na za usingizi. La tatu ni haraka ya kwenda chooni. Dawa zisikatizwe nyumbani kwa kukisia, kwani kuacha ghafla kwaweza kuleta maradhi makubwa zaidi. Bali mzee apelekwe kwa mganga pamoja na dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, zichunguzwe kwa pamoja. Nyumbani, kanuni ni rahisi: aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame akiwa ameshika kitu imara.

Nguvu ya pigo

Pengine msomaji atauliza, mbona mtoto huanguka mara kumi kwa siku na haumii? Tukokotoe. Mtu mwenye kilo 60 ambaye kitovu chake cha uzito kiko mita 0.9 kutoka ardhini ana nishati ya mahali ya jouli 530 hivi. Hiyo ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioachiwa kutoka kimo cha mita moja na zaidi kidogo. Mtoto mdogo ana uzito mchache na kimo kifupi, hivyo nishati yake ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Kijana mzima hutumia mikono na misuli ya mapaja kuimeza nishati hiyo kidogo kidogo. Mzee asiyewahi kunyosha mkono hupokea pigo ubavuni, penye shingo ya fupa la paja, na fupa lenyewe limekwisha kupoteza madini yake. Upungufu huo huwa wa haraka zaidi kwa wanawake baada ya kukoma hedhi. Kwa fupa la namna hiyo, sehemu ndogo tu ya nishati tuliyoitaja yatosha kulivunja.

Heshima inayodhoofisha

Tufikapo hapa, jamaa wengi wataamua kwamba dawa ni kumkalisha mzee. Bibi asichote maji, asifagie, asiende shambani. Aletewe kila kitu kitandani. Nia ni njema, na desturi yetu huihesabu kuwa heshima. Lakini sayansi inaipinga kwa nguvu.

Katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2007 huko Marekani, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku kumi tu. Katika siku hizo chache walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Msuli usiotumika huliwa na mwili wenyewe. Kwa hiyo mzee anayezuiwa kutembea kwa kuogopa kuanguka hudhoofika. Akidhoofika, huanguka kwa urahisi zaidi. Na akianguka, huzuiwa zaidi. Hilo ni duara linaloishia kitandani.

Njia iliyothibitishwa ni kinyume chake. Mwaka 2019 watafiti walikusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 na kukuta kwamba mazoezi, hasa ya kujenga mizani ya mwili na nguvu za miguu, hupunguza idadi ya maanguko kwa asilimia 23 hivi. Mengi kati ya majaribio hayo yalifanyika katika nchi tajiri, lakini msuli wa paja hautambui mipaka ya nchi. Zoezi moja halihitaji chombo chochote isipokuwa kiti imara kilichoegemezwa ukutani: mzee aketi, asimame, aketi tena, mara tano au kumi, asubuhi na jioni, huku mtu akiwa karibu. Zoezi hilo hilo ni kipimo. Anayeweza apime kwa saa: mzee anayehitaji zaidi ya sekunde 15 kusimama na kuketi mara tano bila kutumia mikono miguu yake ni dhaifu, na anastahili kuangaliwa zaidi. Chakula nacho kisisahauliwe, kwani msuli haujengwi kwa uji mtupu. Dagaa, maharage, mayai na maziwa vina nafasi yake katika sahani ya mzee.

Basi mwache bibi apepete mchele wake, na babu aende mwenyewe kibarazani. Kazi ya anayemtunza ni kuifanya njia iwe salama.

Fimbo na kanuni ya wenzo

Fimbo ya mzee ni chombo cha kisayansi, iwapo itatumika ipasavyo. Watu wengi huishika upande wa mguu unaouma, na hilo ni kosa. Tuchukulie kwamba mtu wa kilo 60 anasimama kwa mguu mmoja. Nyonga ya mguu huo ni egemeo. Sehemu ya mwili inayobebwa, yaani kilo 50 hivi, iko sentimita 10 upande wa ndani. Na misuli ya nyonga inayozuia mwili usilale upande huo iko sentimita 5 tu upande wa nje. Kwa kanuni ya wenzo, misuli hiyo lazima ivute kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 100. Sasa mtu huyo ashike fimbo kwa mkono wa upande mwingine, sentimita 45 kutoka kwenye nyonga, na kuikandamiza kwa nguvu ya kilo 5 tu. Kwa kuwa 5 mara 45 ni 225, na 225 kwa 5 ni 45, misuli imepunguziwa mzigo wa kilo 45. Ndiyo maana fimbo hushikwa kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Urefu wake ufikie kifundo cha mkono wakati mkono umening'inia, na ncha yake ivalishwe kipande cha mpira.

Kuikagua nyumba

Muhtasari wa majaribio uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kuondoa vitu vya hatari nyumbani hupunguza maanguko kwa asilimia 38 miongoni mwa wazee walio katika hatari kubwa. Kazi hii yafaa kupewa wanafunzi. Wapite njia ya mzee kutoka kitandani hadi chooni, usiku, kwa hatua zake, na kuandika kila wakionacho: mkeka unaoteleza, kizingiti kisichoonekana, ndala zilizochakaa, kanga inayoburura, ndoo iliyoachwa njiani, sakafu yenye sabuni.

Matengenezo mengi ni ya gharama ndogo. Kizingiti kipakwe chokaa nyeupe. Tochi au taa ya sola iwekwe mahali ambapo mkono huifikia kabla ya kuinuka. Kando ya choo cha shimo pasimikwe nguzo mbili na mti wa kushika, kwani kuchuchumaa na kuinuka ni kazi nzito kwa mapaja. Au fundi seremala atengeneze kiti kizito chenye tundu kiwekwe juu ya shimo. Usiku, chombo cha kujisaidia kiwe chumbani. Hakuna aibu katika hilo.

Akianguka

Asinyanyuliwe kwa pupa. Aulizwe kwanza anaumwa wapi. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na umegeukia nje, huenda fupa la paja limevunjika. Asikandwe wala kuvutwa, bali abebwe akiwa amelala hadi hospitali. Ikiwa amegonga kichwa, aangaliwe kwa wiki kadhaa, kwani damu yaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, na maumivu ya kichwa, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa kukajitokeza baadaye. Asiyeumia asaidiwe kugeuka ubavu, kupiga magoti, kisha kujiinua kwa kushika kiti.

Na kuanguka kwa mara ya kwanza, hata kama hakukuacha jeraha, kupelekwe kwa mganga kama vile homa inavyopelekwa. Ni dalili. Mara nyingi sababu iliyomwangusha mzee leo bado ipo nyumbani kesho, na anayeijua njia ya usiku ya mzee huyo ndiye awezaye kuiondoa.