KICHWA KINACHOUMA GHAFLA

Hapa Benaco kichwa kikiuma tunasema, "Ni malaria." Wakati mwingine ni kweli. Lakini kuna kichwa kingine ambacho hakiji pole pole. Mtu anakata mkungu wa ndizi, au amekaa tu anakula. Mara kichwa kinampiga kama amegongwa na nyundo. Kwa dakika moja maumivu yamefika mwisho. Mwenyewe husema hajaumwa hivyo tangu azaliwe. Msikilizeni.

Huenda damu inavuja kuzunguka ubongo. Mshipa wa damu uliodhoofika hufanya uvimbe, kama mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa. Uvimbe ukipasuka, damu humwagika na kuubana ubongo. Shinikizo kubwa la damu, sigara na pombe nyingi huongeza hatari hiyo.

Tazama dalili nyingine. Mgonjwa hutapika. Mwanga humuumiza macho. Baada ya saa chache shingo hukakamaa, hawezi kugusisha kidevu kifuani. Wengine huona vitu viwili viwili, au jicho moja halifunguki vizuri. Wengine huzimia. Homa ya uti wa mgongo nayo hukaza shingo, lakini kwa kawaida huja na homa, na huzidi kwa saa au siku. Yote mawili ni ya hospitali. Msipoteze muda kubishana ni ipi.

Linalotudanganya ni hili. Mara nyingine mshipa huvuja kidogo kwanza. Kichwa kinapiga ghafla, kisha kinatulia, na mtu anarudi kulima. Siku au wiki chache baadaye mshipa unapasuka kabisa. Kwa hiyo hata kama kimepoa, nenda.

Mlaze mgonjwa. Kama hajitambui, mlaze ubavu, wala usimpe chakula au kinywaji. Usimpe aspirini, maana huzuia damu kuganda. Usimchanje chale: damu iliyo ndani ya fuvu haitolewi kwa wembe. Tafuteni gari, barabara yetu ya Rusumo haikosi magari. Mpelekeni Murgwanza saa ile ile, hata usiku, kwa kuwa hatari ya kuvuja tena ni kubwa zaidi siku ya kwanza. Huko anaweza kupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, penye mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa. Mwambieni mganga kichwa kilianza saa ngapi, na mgonjwa alikuwa akifanya nini.

Nawe usiyeumwa, njoo zahanati upimwe shinikizo la damu. Ni dakika chache tu, na hakuna sindano.