Mwaka Una Mwenyewe

Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka mpya hausubiri Januari. Huingia mwezi wa Julai, kusi likivuma, na wenyeji huupokea kwa mapande ya migomba.

Hiyo ndiyo siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji huingia uwanjani na kuchapana kwa migomba hiyo mbele ya kadamnasi. Mwenye kinyongo na jirani yake hukitoa hapo hapo, na pambano likisha, kinyongo hakirudi naye nyumbani. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto mtu akiwa ndani, naye huchomoka mbio, watu wakishangilia. Inaaminika kwamba kwa tendo hilo hakuna atakayeteketea kwa moto nyumbani mwake mwaka huo. Wanawake waliojipamba huimba, vyungu hutokota, na nyumba isiyopata mgeni hudhaniwa imeingia mwakani na mkosi. Shamrashamra huendelea kwa siku 4. Jina lenyewe latokana na kuoga: mwaka wa zamani huoshwa, taka zake zikaenda na maji.

Wapo masheikh wasioridhika na baadhi ya mambo haya, na mjadala huo ni wa siku nyingi. Lakini ukiitazama mila yenyewe, utaona watu wanaokiri kwamba mwaka una Mwenyewe, wala si wao. Hawajui utaleta mvua au ukame, samaki au msiba. Wanalolijua ni namna ya kuuingia: bila ugomvi, na mlango ukiwa wazi kwa mgeni.

Kukiri huko hakujawafanya wakae wamekunja mikono. Mwaka wao huo ni Nairuzi, wenye asili ya Uajemi. Una siku 365 kamili, hauongezwi siku hata moja, ndiyo maana kila baada ya miaka 4 hivi husogea nyuma kwa siku moja katika kalenda ya kawaida. Wazee waliugawa kwa miongo, yaani siku kumi kumi: miongo 36 na siku 5 za ziada. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua lini ateremshe mbegu, na nahodha alijua lini kaskazi litamtoa Arabuni na lini bahari ifungwe, vyombo vipumzike. Waliomwachia Mungu mwaka ndio hao hao waliozihesabu siku zake moja moja.

Hata hivyo hesabu hazizuii kila kitu. Tarehe 15 Aprili 1872, Sayyid Barghash akiwa hajatimiza miaka 2 kwenye kiti cha usultani, kimbunga kiliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu mingi kupita kiasi. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ikapanda, mashamba ya Pemba yakastawi, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Waliolala matajiri Unguja waliamka na magogo, na wa Pemba wakafunguliwa riziki ambayo hawakuipigia ramli. Kwa mambo kama hayo Waswahili husema, Mungu si Athumani.

Ila neno kudura lina mpaka wake. Mikarafuu ile, iliyoanguka na iliyobaki, ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Biashara ya kuwasafirisha baharini ilipigwa marufuku mwaka 1873, baada ya shinikizo la Uingereza, lakini utumwa wenyewe uliendelea kwa miaka mingine mingi. Upepo ulikuwa wa Mungu. Minyororo ilikuwa ya watu. Anayeyachanganya haya mawili hamtegemei Mungu, anamsingizia.

Ndiyo maana sipendi kusikia inshallah ikitajwa kama neno la mvivu. Mtazame mvuvi wa kusini siku Mwaka Kogwa unapokwisha, wageni wakiwa wamerudi kwao. Amekwisha kuitia ngalawa kalafati, ameshona tanga lilipochanika, ametazama mawingu na kuuhesabu mwongo. Jirani aliyechapana naye juzi anamsaidia kuisukuma majini. Mkewe anamuuliza atarudi lini.

"Jioni, Mungu akijaalia," anajibu, na kupandisha tanga.