Mganga Hajigangi: Nani Anamwokoa Mwokoaji?

Alifika kliniki akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na majibu ya vipimo vya miezi minane: picha ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, vipimo vya damu, na kipimo cha tumbo kwa mpira wenye kamera. Vyote havikuonesha hitilafu. Alivipanga juu ya meza yangu kimoja baada ya kingine, kama mtu anayekabidhi vifaa mwisho wa zamu, kisha akasema: "Daktari, wameniambia sina ugonjwa. Mbona basi silali?"

Nilimweleza kwamba mimi si daktari wa dawa. Ni mwanasaikolojia tiba. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuniita daktari hadi siku ya mwisho. Mkewe, aliyekuwa ameketi pembeni, hakungoja kuulizwa. "Mimi nimekuja kwa jambo moja tu," alisema. "Baba watoto huyu, kila akiingia nyumbani anazima simu. Naomba aniambie mbele yako anamficha nani."

Mume aliinamisha uso. Alikuwa askari wa zimamoto na uokoaji kwa miaka 16.

Yaliyobaki aliyasema tulipokuwa wawili. Miezi kumi kabla ya hapo walikuwa wakitoa miili kwenye kifusi. Katika mfuko wa shati wa kijana mmoja simu ilikuwa ikiita, na kwenye kioo chake palikuwa na neno moja: Mama. Ilikatika, ikaita tena. Ikakatika, ikaita tena. "Sikuruhusiwa kuipokea," alisema. "Na hata ningeruhusiwa, ningemwambia nini yule mama?" Tangu siku hiyo mlio wa simu ulimtoa jasho. Usiku aliuota. Mchana, mwanawe alipogonga sufuria kwa kijiko, alimfokea kwa ukali ambao yeye mwenyewe uliutisha moyo wake.

Msomaji aelewe kwamba nimechanganya na kubadilisha habari za wateja kadhaa, ili asitambulike hata mmoja. Lakini mateso niliyoyaeleza ni ya kweli, na wanaoyabeba ni wengi kuliko tunavyodhani.

Wanaofika kwanza

Tunapotaja waokoaji, mawazo huenda kwa askari wa zimamoto, polisi na wahudumu wa gari la wagonjwa. Nchini Tanzania orodha ni ndefu zaidi. Yumo muuguzi wa chumba cha dharura anayepokea majeruhi kumi kwa mara moja. Yumo mhudumu wa chumba cha maiti. Yumo dereva wa bodaboda aliyembeba majeruhi mgongoni, na yumo mvuvi. Ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifikia. Katika ziwa hilohilo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama na kuwaachia watu kazi ya kuopoa miili siku baada ya siku. Tuongeze mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, moto wa lori la mafuta mjini Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, maporomoko ya tope wilayani Hanang tarehe 3 Desemba 2023, na jengo lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Kila tukio lina orodha yake ya marehemu na majeruhi. Waliowaokoa hurudi nyumbani, huoga, na kesho yake huingia zamu.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Methali hiyo inawaelekea sana watu wa fani hizi. Mwokoaji amefunzwa kutotetemeka, na jamii humsifu kwa ujasiri wake. Akikiri kwamba anaota ndoto mbaya, huogopa kuonekana dhaifu, kunyimwa cheo, au kuondolewa kazini. Hivyo huleta tumbo, kichwa, mgongo na moyo kwenda mbio. Huleta kila kitu isipokuwa kile kinachomuuma.

Kiwewe hufanyaje kazi?

Mwili umeumbwa kukabili hatari. Tunapotishwa, ubongo hutoa amri: moyo huongeza kasi, pumzi hukatika, misuli hukaza, usingizi huruka. Hatari ikipita, mwili hupoa taratibu. Kwa siku au majuma machache baada ya tukio la kutisha, kukosa usingizi, kushtuka ovyo na kuona picha za tukio ni jambo la kawaida. Watu wengi hupona bila matibabu maalumu, wakipata usalama, mapumziko na watu wa kuwa nao.

Kwa wengine kengele ya hatari haizimiki. Dalili zikidumu kwa majuma kadhaa na kuvuruga kazi au familia, tunafikiria ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, linautambua kwa nguzo tatu. Kwanza, tukio hurudi kama linatokea sasa hivi, kwa njozi au kwa kumbukumbu zinazovamia ghafla. Pili, mhusika hukwepa kila kinachomkumbusha. Tatu, huishi kama mtu aliye katika hatari wakati wote, akishtuka kwa jambo dogo. Mteja wangu alikuwa na zote tatu, na simu iliyozimwa ilikuwa ile ya pili.

Kiwewe si jeraha pekee tunalolikuta. Yupo muuguzi aliyekuwa na mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa wawili. Huyo haogopi, anajihukumu. Yupo aliyechoka hadi akaacha kuhisi chochote, akimwita mgonjwa kwa namba ya kitanda. Jeraha la dhamiri na uchovu wa kazi huhitaji njia tofauti na woga, na ndiyo maana hatutoi ushauri kabla ya kusikiliza.

Ndani ya chumba cha mwanasaikolojia

Kikao cha kwanza huanza na ahadi ya siri na mipaka yake. Nayasema yote mawili waziwazi: yanayosemwa hapa hayatamfikia mkuu wako wa kazi, lakini nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, nitawashirikisha wanaoweza kukulinda. Kisha nauliza maswali ambayo wengi huyakwepa. Unakunywa pombe kiasi gani ili upate usingizi? Kuna silaha nyumbani? Umewahi kutamani usiamke, au kupanga kujiua? Wahudumu wenzangu wengi huogopa kwamba swali la mwisho litapanda wazo. Halipandi. Mara nyingi anayeulizwa hushusha pumzi, kwa kuwa hatimaye yupo mtu anayeweza kulisikia jibu.

Mteja wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba mara mbili alisimama juu ya mnara wa mazoezi alfajiri, akiwa peke yake. Siku hiyo hatukuzungumzia simu. Tulipanga nani atakuwa naye, nani atampigia usiku wazo likirudi, na lini ataonana na daktari wa magonjwa ya akili. Kwa ridhaa yake, mkewe aliingia na kusikia mpango huo.

Matibabu yenyewe, usalama ukishapatikana, mara nyingi huchukua vikao 8 hadi 12, kimoja kila juma. Tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe humsaidia mtu kufanya mambo mawili: kuikaribia kumbukumbu aliyoikimbia, na kuichunguza hukumu aliyojipa. Tulianza na ngazi ya woga. Daraja la chini lilikuwa kuishika simu iliyozimwa. Daraja la kati lilikuwa kusikiliza mlio uliorekodiwa, hapa kliniki, bila kuuzima. Mara ya kwanza alikadiria woga wake kuwa 85 kati ya 100. Tulikaa na mlio ule hadi ukashuka chini ya 40. Baada ya majuma matatu, mkewe alimpigia kutoka chumba cha pili, akaacha simu iite.

Hukumu aliyojipa ilikuwa moja: "Nilimwacha mama wa watu gizani." Sikumwambia kwamba hana hatia, maneno hayo alikwisha kuyasikia kwa wengi, hayakumfaa. Nilimwomba anieleze kazi yake siku ile ilikuwa nini. Alieleza polepole: kumtoa kijana bila kuudhuru mwili, kumfunika, kuikabidhi simu kwa polisi ili familia ipatikane. "Kwa hiyo yule mama alimpataje mwanawe?" niliuliza. Alinitazama kwa muda. "Kwa simu ile," alisema. "Nilioikabidhi mimi."

Njia hizi hazihitaji majengo makubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, uliwahusu wakimbizi kutoka Rwanda na Somalia. Waliotoa tiba, ikiwamo ile ya kusimulia maisha kwa mpangilio, walikuwa washauri waliofunzwa kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, na wengi wa waliotibiwa walipata nafuu kubwa. Zimbabwe nako, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda uliwafunza bibi wa mitaani kusikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Mafunzo na usimamizi ndivyo vinavyohitajika.

Usiku ule wa kwanza

Zamani tuliamini kwamba baada ya ajali kubwa, waokoaji wote wakusanywe mara moja na kila mmoja aeleze alichokiona. Nia ilikuwa njema. Tafiti zilipolinganisha, ilionekana kwamba kikao kimoja cha kulazimishwa hakizuii ugonjwa, na baadhi ya watu huweza kuzidiwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kisitumike.

Badala yake tunao msaada wa kwanza wa kisaikolojia, ambao mwongozo wake ulitolewa na Shirika hilo na washirika wake mwaka 2011. Msingi wake ni maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani yuko hatarini, nani anatetemeka, nani amekaa kando bila kusema. Sikiliza anayetaka kusema, asiyetaka usimchokonoe. Muunganishe na maji, chai, blanketi, ndugu zake, na huduma anayohitaji. Mkuu wa kituo anaweza kuufanya. Muuguzi wa zamu anaweza. Dereva anaweza.

Kwa wenzangu wanaoandika dawa: pendekezo la Shirika hilo la mwaka 2013 ni kutotumia dayazepamu na dawa za jamii yake kutibu dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Hutuliza kwa saa chache, huzoeleka upesi, na kwa aliyekwisha kuanza kunywa pombe huongeza hatari.

Wanaokaa kwenye kiti kilekile

Waokoaji ni sehemu tu ya watu wazima wanaofika kwetu. Yupo mwalimu aliyestaafu ambaye moyo humwenda mbio kila akiingia benki, akidhani anakufa. Yupo mama aliyefiwa na mtoto, ambaye majirani wamemchoka kwa kulia mwaka mzima. Yupo mwanamke anayepigwa na mumewe, anayesema amekuja kwa sababu ya "mawazo mengi". Maneno hayo mawili hubeba mambo tofauti: sonona, wasiwasi, msiba, njaa, au woga wa kurudi nyumbani. Mhudumu anayeyasikia asikimbilie kuandika. Aulize: ni mawazo gani, na huja saa ngapi?

Kwa familia, ushauri wangu ni mfupi. Usimwambie mtu asahau; angeweza, angekwisha kusahau. Usimlazimishe asimulie. Mweleze ulichokiona: hulali, huli nasi, umekuwa mkali. Kisha ongozana naye hadi kituo cha afya. Kama anasema anataka kufa, usimwache peke yake, weka mbali silaha, sumu na dawa, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wakuu wa kazi: zungusheni zamu, ili mtu mmoja asipelekwe kwenye kila tukio baya. Mruhusuni anayeomba msaada arudi kazini bila doa. Mwaskari mmoja akitibiwa na kurudi na heshima yake, wengine watano watajitokeza.

Kikao cha mwisho

Kikao cha kumi na mbili mteja wangu hakuja na bahasha. Majinamizi yalikuwa yamepungua kutoka kila usiku hadi mara chache kwa mwezi. Bado hushtuka mlango ukibamizwa, na hapendi kupita mtaa ule. Mkewe alikuwa amekwisha kusikia habari za simu kutoka kinywani mwake, jikoni, usiku, watoto wakiwa wamelala. "Kumbe nilikuwa namwonea wivu marehemu," aliniambia, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kanuni ya kliniki ni kwamba simu zizimwe. Siku hiyo yake iliita kutoka mfuko wa shati. Aliitoa, akakitazama kioo, na mkono wake ukatetemeka kidogo.

"Ni mama, yuko kijijini," alisema. "Naomba ruhusa, daktari."

Nilimpa. Akapokea.

"Shikamoo mama," alisema. "Nipo."